Waliookolewa Jumamosi

Siku ile mjinga alikuwa Abedi Tindwa. Hakuna haja ya kupiga kura. Mwenyewe amekwisha kukubali mara nyingi mbele za watu, na kila akikubali huongeza chumvi kidogo, maana mtu akishajua kwamba atachekwa ni heri achague mwenyewe pa kuchekewa. Husema hivi: "Wenzangu walidanganywa na serikali. Mimi nilidanganywa na serikali, halafu nikaisaidia."

Tindwa alikuwa mwoka mikate katika mji wa Kasabu, nchi ya Mardufu, alikokwenda kutafuta riziki miaka kumi na mmoja nyuma. Kwao ni Jamhuri ya Utulivu, nchi ambayo msomaji hataiona kwenye ramani, ingawa wapo watakaoapa kwamba wamewahi kupanga foleni zake. Watulivu ni watu wema na wasikivu, na wana jambo moja lililowaingia damuni: Mtulivu hafanyi lolote la maana bila barua ya mjumbe wake wa nyumba kumi. Kumwandikisha mtoto shule, barua ya mjumbe. Kuvuta maji, barua ya mjumbe. Kuna mmoja alitumbukia kisimani, majirani wakamteremshia kamba, naye kabla ya kuishika akauliza kama mjumbe ana habari.

Watulivu walipokuwa wengi huko Mardufu, ubalozi wao uliona si vyema wakae ovyo kama watu wasio na kwao. Wakagawanywa nyumba kumi kumi, kila kumi ikapewa mjumbe, na kila mjumbe mhuri. Mtaa wa Matofali mjumbe akawa Tindwa. Mhuri aliuweka ndani ya kopo la hamira, na alipougonga kwenye karatasi aliinua kiwiko juu kama mtu anayechinja.

Kisha vita vikaja. Mardufu na jirani yake waligombea kisiwa ambacho maji yakijaa hakionekani, na maji yakipwa hukaliwa na kaa. Kila upande ulisema uko tayari kumwaga damu hadi tone la mwisho, ila haukusema damu ya nani.

Ubalozi wa Utulivu haukulala. Siku hiyo hiyo ulitoa Mwongozo wa Kwanza wa Safari na Usalama, uliowashauri raia waepuke maeneo yenye mabomu. Mwongozo wa Pili ulitoka kesho yake kufafanua: iwapo bomu litaanguka katika eneo ambalo si la mabomu, raia atoe taarifa kwa mjumbe wake ndani ya siku saba za kazi. Raia akisikia kishindo asikimbie, kwa kuwa kukimbia kunaweza kutafsiriwa na nchi mwenyeji kuwa ni kutokuwa na imani nayo.

Tindwa aliisoma miongozo hiyo kwa sauti mbele ya tanuri lake, huku unga ukimdondoka kwenye nyusi.

"Mjumbe," akasema Mwinyigogo, fundi wa kuchomelea vyuma, mtu ambaye hakuwahi kuacha neno lipite bila kulikanyaga mkia, "hapo kwenye siku saba. Nikifa siku ya kwanza, hizo sita nazitumiaje?"

"Utawaachia urithi wanao," Tindwa akamjibu, na watu wakacheka. Bado ulikuwa wakati wa kucheka.

Jumanne alikuja Bwana Gervasi Mng'aro mwenyewe, Ofisa wa Ubalozi anayeshughulikia Raia, ndani ya gari lenye bendera. Alisimama juu ya mfuko wa unga, akiwa na karatasi ambayo hakuisoma.

"Ndugu wananchi," akasema, "Jamhuri iko macho. Jamhuri haijapepesa. Nimekuja na Mwongozo wa Tatu. Pasipoti, kama mnavyofahamu, si mali yenu. Ni mali ya Jamhuri, ninyi mmekabidhiwa tu. Sasa bomu likianguka hapa, Mungu apishe mbali, likaunguza pasipoti, tutamwambia nini mlipa kodi? Kwa hiyo zote zitakusanywa na kuhifadhiwa ubalozini, chini ya zege."

"Na likituunguza sisi?" Mwinyigogo akauliza.

"Hilo tunaliombea," akasema Bwana Mng'aro kwa upole.

Kazi ya kukusanya ilikuwa ya mjumbe. Tindwa alipita nyumba hadi nyumba na mfuko mtupu wa unga, akakusanya pasipoti arobaini na tatu. Mlango wa mwisho ulikuwa wa Stumai, binti aliyefanya usafi katika hospitali ya mji. Mama yake Stumai alikuwa mgonjwa huko nyumbani. Miguu ilimvimba, uvimbe ukapanda, na kila jioni kaka yake, Shomari, alipiga simu kusema umefika wapi. Stumai alikuwa amekwisha kufunga mzigo wake. Aliishika pasipoti yake kwa mikono miwili.

"Baba Tindwa, na nikiihitaji ghafla?"

"Utanijia mimi."

"Na wewe utamwendea nani?"

"Bwana Mng'aro."

"Na yeye?"

Tindwa akacheka. "Mwanangu, ukiuliza kwa mtindo huo utafika mbinguni. Lete."

Akaileta. Hilo Tindwa hulieleza taratibu kuliko mengine yote: kwamba binti hakubishana, alimpa tu, kwa kuwa alikuwa ni yeye.

Jumatano asubuhi ndipo yalipokuja mabasi ya Bara Kavu.

Bara Kavu ni nchi ambayo Watulivu hupenda kuitania, kwa sababu ni maskini, na bunge lake hukutana katika ukumbi wa sinema. Haikuwa imetoa mwongozo hata mmoja. Ilileta mabasi mawili yaliyojaa vumbi, na mtu mmoja aliyechomekea shati upande mmoja tu, penseli sikioni, akipita mtaani akiita wenzake. Alipomaliza kuwapakia akawageukia Watulivu waliokuwa wakitazama.

"Nimebakiwa na viti ishirini na kimoja. Wa kupanda wapande."

"Hatuna pasipoti," mmoja akasema.

"Tutaulizana huko mbele. Pandeni."

Watulivu walifurahi mno. Wakashukuru, wakapanga mstari mzuri mlangoni pa basi, wazee mbele, na hakuna aliyepanda. Yule mtu wa penseli alingoja, akakuna kichwa, akadhani labda kuna mgonjwa wanayemngoja.

"Tunangoja barua ya mjumbe," wakamweleza.

"Ya nini? Basi ni langu."

Wakamtazama kwa huruma, kama mtu atazamavyo mtoto wa kigeni anayekula kwa mkono wa kushoto.

Stumai akatoka mbio mpaka kwa mwoka mikate. Alimkuta Tindwa akichota unga.

"Baba Tindwa, niandikie. Mistari miwili tu. Mama jana hakumtambua Shomari. Ananiita mimi."

Tindwa alifuta mikono. Alikuwa na huruma, asije msomaji akadhani hakuwa nayo. Tatizo lake ni kwamba alikuwa na Mwongozo wa Tano pia. Akautoa mfukoni, akamsomea: raia atakayeondoka kwa chombo cha nchi nyingine atahesabiwa kuwa ameokolewa na nchi nyingine, na Jamhuri haitawajibika kumwokoa tena.

"Sitaki kuokolewa tena," Stumai akasema. "Mara moja inanitosha."

"Binti yangu, nisikilize. Ijumaa inakuja ndege. Bwana Mng'aro ameniambia kwa kinywa chake, tena akiwa amenishika bega. Ndege. Hilo basi la watu litapasuka magurudumu jangwani, nawe utakuwa tayari umekaa kitandani kwa mama unamlisha uji. Mimi naweza kukudanganya?"

Stumai alilitazama lile kopo la hamira. Hata leo hakuna anayejua kwa nini hakugeuka tu akapanda basi bila barua, maana mlango ulikuwa wazi na injini inanguruma. Mwenyewe alisema baadaye kwamba alijaribu, miguu ikakataa. Basi likaondoka na viti ishirini na kimoja vitupu. Tindwa akarudi kwenye unga wake akiwa na furaha ya mtu aliyemzuia mwenzake asifanye upuuzi.

Alhamisi mchana gari la bendera likasimama tena mlangoni.

"Ndugu mjumbe," akasema Bwana Mng'aro bila kushuka, "ubalozi una mkutano mzito. Tuokee mikate sitini. Iwe mikavu kidogo, ya kuvumilia njiani."

"Njiani wapi, mheshimiwa?"

"Kutoka jikoni hadi ukumbini. Ukumbi wetu ni mrefu."

Tindwa akaoka. Hakudai chochote. Kwa mapenzi yake mwenyewe, bila kuombwa, akainyunyizia yote ufuta.

Ijumaa kombora liliangukia tangi la maji la Mtaa wa Matofali. Halikuua mtu, lakini lilimwaga maji ya wiki nzima na kuvunja vioo vyote. Tindwa akaona siku saba za kazi ni nyingi. Akachukua orodha ya watu wake arobaini na watatu, akaenda ubalozini kwa miguu kuulizia saa ya ndege.

Langoni alimkuta mlinzi, mzee wa Kimardufu aitwaye Jabiri, amekaa kwenye kiti cha ngozi ambacho kwa kawaida hukaliwa na balozi. Alikuwa akitafuna mkate. Mkate ulikuwa na ufuta.

"Karibu," akasema Jabiri. "Wameondoka alfajiri."

"Nani?"

"Wote. Hata paka."

Tindwa alisimama. Akautazama mlingoti usio na bendera, kisha ule mkate, kisha tena ule mlingoti, kama mtu anayejumlisha hesabu huku akitumaini atakosea.

"Na pasipoti zetu?"

"Hizo zimekwenda vizuri sana," akasema mzee kwa kuliwaza. "Masanduku sita. Waliyafunga mikanda kwenye viti vya ndege. Dereva wao alikosa kiti kwa ajili hiyo, alikuwa hapa analia. Una mkate mwingine kama huu? Ni mtamu."

Kwenye lango palikuwa na tangazo, limegongwa mhuri kila pembe. Mwongozo wa Saba: Ubalozi unaendelea na kazi zake zote kutoka mahali salama. Raia watulie mahali walipo.

Njiani kurudi Tindwa alifikiri maneno mengi ya kuwaambia watu. Alipofika akawaambia machache: "Wamekula mikate yangu wakaondoka." Hakuna aliyemtukana. Ingekuwa nafuu.

Jumamosi jioni walikusanyika kwenye redio ya Mwinyigogo. Idhaa ya Utulivu ilianza kwa wimbo wa taifa, beti zote, kisha mtangazaji akatangaza kwa sauti iliyojaa machozi ya furaha kwamba operesheni ya uokoaji imekamilika kwa asilimia mia moja. Raia elfu moja mia mbili na kumi na nne wamewasili leo kutoka Mardufu, salama salimini, na Waziri amewapokea mwenyewe uwanjani. Majina yao yatasomwa sasa.

Yakasomwa. Yalisomwa moja baada ya jingine kama yalivyoandikwa ndani ya pasipoti, maana Wizara ilikuwa imezihesabu pasipoti zilizoshuka kwenye ndege, na kwa Wizara pasipoti na mwenyewe ni kitu kimoja, isipokuwa pasipoti haiombi maji. Watulivu wa Mtaa wa Matofali walikaa juu ya vioo vilivyovunjika wakisikiliza jinsi walivyofika nyumbani.

"Hongera, Mjumbe," akasema Mwinyigogo jina la Tindwa lilipotajwa. "Safari ilikuwaje? Mimi nilichafukwa na tumbo kidogo."

Watu wawili watatu wakacheka kwa puani. Stumai hakucheka. Jina lake lilipopita simu yake ikalia papo hapo, na kwa kuwa ilikuwa simu ya bei rahisi, kila mtu alimsikia Shomari akipiga kelele upande wa pili.

"Stumai! Umefika? Mama amekusikia redioni! Ameamka, amekaa! Anasema tusifunge mlango. Uko wapi sasa, uko uwanjani?"

"Shomari, sijafika. Nisikilize, mwambie mama—"

Simu ikakatika. Mtandao wa Kasabu ulikatika nayo, na haukurudi. Stumai alibonyeza namba ile ile mpaka simu ikazimika mkononi mwake. Kisha akamtazama Tindwa. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama mtu anayejaribu kukumbuka amemwona wapi.

Jumapili wakaondoka kwa miguu, wote arobaini na watatu, kwenda mpaka wa Bara Kavu. Hakuna aliyeomba barua. Tindwa alikuwa amekwisha kuandika zote arobaini na tatu na kuzigonga mhuri. Akawagawia njiani, nao wakazipokea kwa adabu wakazitia mfukoni, kama mtu anayepewa mwavuli baada ya kulowa.

Mahali fulani barabarani, juu ya kilima, palikuwa na mtandao. Tindwa akapiga namba ya dharura ya Wizara, ile iliyochapishwa chini ya kila mwongozo.

"Wizara ya Mambo ya Nje, idara ya uokoaji, habari za huko?" ikasema sauti ya mwanamke.

"Mbaya. Sisi ni Watulivu, tuko arobaini na watatu, tuko barabarani Mardufu."

Karatasi zikasikika zikipekuliwa.

"Ndugu, Mardufu hatuna raia. Wote wako nyumbani."

"Mimi ni Abedi Tindwa, mjumbe wa Mtaa wa Matofali."

"Ndiyo, namwona hapa. Ameingia Jumamosi. Wewe unapiga simu kwa jina lake kwa nini? Unajua hilo ni kosa?"

"Mama, mimi ndiye."

"Ndugu, nakuomba usiwasumbue watu waliotoka vitani. Wamechoka." Simu ikawekwa chini.

Mpakani, walikofika Jumanne, walijipanga wakijiuliza watasema nini bila pasipoti. Dirisha la uhamiaji la Mardufu lilikuwa wazi lakini hapakuwa na mtu. Baada ya muda wakagundua kwamba ofisa mwenye dirisha lake yumo kwenye foleni, nyuma yao, na godoro kichwani. "Piteni tu," akasema. "Mnanichelewesha."

Upande wa pili wakamkuta yule mtu wa penseli. Aliwaandika majina kwenye daftari la shule, akawapa chai, hakuwauliza walichelewa wapi. Stumai akaomba mahali pa kuchajia simu. Ilipowaka akaenda kando, akapiga, akasikiliza. Hakusema kitu zaidi ya "Lini?" Kisha akakaa juu ya jiwe, akajifunika kanga kichwani mpaka usoni.

Tindwa alimwona. Hakwenda kumwuliza. Alijiambia hajui.

Siku mbili baadaye, Alhamisi, malori ya Bara Kavu yaliwashusha kwenye mpaka wa Jamhuri ya Utulivu. Bado palikuwa na kitambaa kikubwa kimetundikwa: KARIBUNI NYUMBANI MASHUJAA. Chini yake, mezani, alikaa Bwana Gervasi Mng'aro akiwa na cheo kipya. Kwa kazi nzuri ya uokoaji alikuwa amepandishwa kuwa Mkuu wa Mapokezi wa Taifa. Mbele yake palikuwa na orodha yenye alama za vema elfu moja mia mbili na kumi na nne.

Alimtambua Tindwa, hilo halina shaka. Macho yake yalimtambua kwanza, ndipo uso ukakataa.

"Jina?"

"Unalijua, mheshimiwa. Nimekuokea mikate."

"Abedi Tindwa," Bwana Mng'aro akasoma. "Aliingia Jumamosi. Haiwezekani mtu mmoja aingie nchini mara mbili bila kutoka. Mnaelewa? Kutoka kwanza, ndipo kuingia. Ninyi hamkutoka."

"Tuna barua," akasema Tindwa, akamwekea yake mezani.

Bwana Mng'aro aliikagua kwa makini pande zote mbili. "Mhuri ni wa mjumbe Tindwa. Na mjumbe Tindwa yumo ndani. Nani ametumia mhuri wake huko nje?"

"Jamani," akasema Mwinyigogo, "basi mtoeni huyo wa ndani, tugombane naye wenyewe."

"Ndugu wananchi." Bwana Mng'aro akainuka, akapata sauti yake ile ya juu ya mfuko wa unga. "Tusiwe wabinafsi. Dunia nzima imetupongeza. Asilimia mia moja! Mkiingia ninyi arobaini na watatu, tutakuwa tumeokoa asilimia mia na tatu na ushee, na hapo wasiotutakia mema watauliza maswali. Mnataka kuiaibisha nchi yenu kwa sababu ya kuingia tu? Hii orodha imesomwa redioni. Waziri ametia saini. Orodha hii haina kosa hata moja, na nani kati yenu ana ushahidi kwamba ina kosa?"

Watulivu wakatazama chini. Ilikuwa hoja nzito, na ilikuwa na saini.

Stumai akapita katikati yao mpaka mezani. Kanga ilikuwa bado kichwani.

"Nitafutie Stumai Mwalusanya," akasema.

Kidole cha Bwana Mng'aro kikashuka kwenye orodha kwa furaha ya mtu aliyepata msaada. "Huyu hapa. Ameingia Jumamosi, saa tisa alasiri. Amekaguliwa, amepokewa, amekwenda kwao."

"Una hakika amekwenda kwao?"

"Hakika kabisa."

"Basi nieleze mimi," Stumai akasema. "Kama alikuwa kwao tangu Jumamosi, mbona Jumatatu hakuonekana kwenye mazishi ya mama yake?"